Kompyuta Niliyosema ni ya Masomo

Enzi zetu mchezo haukuombwa, uliibwa. Ulitumwa maji, ukacheza njiani. Ulitumwa chumvi kwa jirani, ukacheza njiani. Uliporudi na mavumbi mpaka kwenye nyusi, ulisema foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Mama yangu alikuwa na swali moja tu, "Umetoka wapi na mavumbi hayo?" nasi tulikuwa na majibu ya kila aina, ila hakuna aliyethubutu kusema alikuwa anacheza. Kama una umri wangu na magoti yako bado yana makovu, huna haja ya kuelezwa.

Sisi tulikulia kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Kigombe. Baba alishuka kutoka milima ya Lushoto akiwa kijana, akaja kukata mkonge, akaoa Mbondei wa Muheza, na habari za kurudi kwao zikaishia hapo. Kiwanda cha kusindika mkonge tulikiita korona, miaka mingi kabla dunia haijaliharibu jina hilo. Majimaji yake yalinuka vibaya. Mgeni alishika pua, sisi tulikunywa uji humo humo. Asubuhi kengele ya kazi ililia, wanaume wakatoka na visu vyao, nasi tukaenda shule miguu mitupu. Kila mtu mzima tuliyepishana naye tulimpa shikamoo yake, na kila mtu mzima alikuwa na ruhusa ya kukuchapa kwanza na kumweleza mama yako baadaye.

Lakini tulicheza jamani. Mkonge ukishatoa ua lake na kufa, ule mlingoti wake hukauka ukawa mwepesi hata mtoto wa miaka saba anaubeba. Tulijengea nyumba, tukajengea na duka, na kanisa la Kilutheri lenye mnara ulioanguka kila jioni. Tulicheza mdako, vijiwe ndani ya kishimo, unarusha kimoja juu na kuvitoa vingine kabla hakijashuka. Kucha zetu hazikuwahi kuwa safi. Na tulicheza rede, wawili wanarusha mpira huku na huku, mmoja katikati anaukwepa. Kwenye rede mimi sikuwa na mpinzani. Nilikuwa mwembamba kama fagio na nilijua kuinama.

Tatizo lilikuwa mpira. Tulitumia soksi kuukuu za watu wazima, tukazijaza matambara na singa za mkonge, tukafunga kwa kamba. Ukilowa umande unakuwa mzito kama jiwe, ukikuchapa mgongoni unaona nyota mchana. Halafu unafumuka, mchezo unasimama, mtu anatafuta sindano. Binti wa karani wa kambi alikuwa na mpira wa tenisi, wa kijani, wenye manyoya. Alituachia tuushike siku moja, mmoja mmoja, kisha akauchukua akaenda nao ndani. Nilikaa nao moyoni mwaka mzima.

Nikiwa darasa la tano nikawa wa kwanza. Baba alikuwa amekaa kibarazani na mzee wa kanisa, na majirani wawili wa mama wanachambua mchele. Akasoma ripoti yangu polepole, kwa kidole, akaikunja. Akasema, "Jumamosi nakwenda Muheza. Sema unachotaka nikuletee."

Baba hakuwa mtu wa maneno hayo. Sikumsikia akiyasema tena. Neno mpira lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nikamtazama mzee wa kanisa, nikawatazama wale kina mama, nikalimeza.

"Mkebe, baba," nikasema. "Mkebe wa hisabati."

Mzee wa kanisa akapiga paja lake. "Huyu atafika mbali," akasema. Kina mama wakanisifu mpaka nikaona aibu. Baba aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida yake, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Jumamosi jioni akaniletea mkebe wa bati, ndani yake bikari, rula na kifutio kinachonukia. Nikashukuru kwa magoti yote mawili. Halafu nikaenda nyuma ya jiko, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Mama aliponiuliza nikasema ni moshi.

Leo mimi ni mwalimu wa hisabati, na huenda mkebe ule ulichangia. Ninaishi mjini, Chumbageni, na mama yangu, ambaye siku hizi kila mtu anamwita Bibi, na binti yangu Neema wa miaka kumi na mitatu. Baba yake Neema ana maisha yake Arusha, hatugombani wala hatuonani. Nimechoka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, nasema kwa kuwa mtu akichoka hukosea kwa namna yake. Ninafundisha madarasa matatu, ninasahihisha madaftari mpaka vidole vinakuwa vyekundu kwa wino, nikifika nyumbani nataka kuketi tu, mtu asiniulize kitu.

Neema anapenda gemu. Alianzia kwenye simu yangu, akaimaliza chaji kila siku, nikamnyima. Basi akahamia kwenye kibanda cha gemu kule Ngamiani. Mimi sikujua. Niliambiwa na mwalimu mwenzangu, tena mbele ya wengine, wakati wa chai. "Mwalimu, mwanao nimemwona kibandani, kwa wale vijana." Nikaweka kikombe chini. Kibanda kile nakijua kwa nje. Ni chumba kimoja cha giza mchana kweupe, pazia mlangoni, na vijana wa umri usioeleweka wanaovuta sigara kizingitini. Miaka ishirini nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwaambia gemu zinaharibu akili, kumbe wangu ndiye yuko mstari wa mbele.

Sikumchapa. Zamani ningemchapa, na yeye angejifunza kujificha vizuri zaidi, kama nilivyojifunza mimi. Nilichotaka ni arudi nyumbani mapema, akae mahali ninapomwona. Na umri ule nilijua hautanisubiri. Akizoea kule, nyumbani patakuwa mahali pa kulala tu. Nikaona nimnunulie kompyuta.

Marehemu baba alituachia shamba la machungwa Muheza, si kubwa, na kila msimu mfanyabiashara hununua matunda yakiwa bado mtini. Fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka na hutosha jambo moja. Mwaka jana ilikuwa bati. Mwaka huu nikasema itakuwa kompyuta, na kama nikikosea, basi tena, tusubiri miti izae.

Nikamwita Neema, nikamuuliza anataka kompyuta ya nini. Bibi alikuwa pale anafuma kitambaa. Neema akatazama chini, akatazama kitambaa cha Bibi.

"Ya kujisomea, mama," akasema.

Nilijua si kweli. Nilijua kabisa, kama ninavyojua mwanafunzi aliyeibia jibu. Ila lilikuwa jibu zuri, halikuniletea kazi, nikalipokea.

Duka lenyewe lipo Ngamiani, linauza kompyuta za mtumba kutoka nje. Muuzaji alinyanyuka aliponiona. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba huku namtafuta kichwani, nikampata. Bakari. Nilimfundisha darasa la sita, alikaa nyuma, nikamnyang'anya gololi zake akizicheza chini ya dawati. Sasa ana ndevu na miwani, na mezani kwake kompyuta imefunguliwa tumbo.

"Ni ya kazi gani, mwalimu?" akauliza. Swali la haki, kila muuzaji angeuliza. Nyuma yangu palikuwa na mzazi mwingine wa shule yetu, amekuja kutoa nakala ya cheti.

"Ya masomo," nikasema. "Ya mtoto kujisomea."

"Hana gemu huyo? Maana kama anacheza gemu nitakupa nyingine."

"Gemu? Kwangu?" Nikacheka kile kicheko cha ofisini. Bakari akatikisa kichwa kwa heshima, akanitolea laptopu ndogo, nyembamba, safi. Akaniambia inaandika vizuri, inafungua vitabu, betri yake inakaa, umeme ukikatika mtoto haachi kusoma. Yote aliyoniambia yalikuwa kweli. Alinipa kitu nilichomwomba.

Bibi aliipokea kama mgeni wa heshima. Kesho yake tu alikuwa amemaliza kitambaa chake cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, akaifunika. Nyumbani kwetu kambini redio ilikuwa na kitambaa, chupa ya chai ilikuwa na kitambaa, hata mtungi ulikuwa nacho, na mtoto aliyegusa redio ya baba alijua atakula nini siku hiyo. Neema alishika mikono yangu yote miwili. "Asante, mama," akasema. Alitabasamu vizuri. Nilitakiwa kulijua tabasamu lile.

Wiki ya kwanza alikaa nyumbani. Nikipita mlangoni namwona ameiinamia, nikafurahi, nikasahihisha madaftari yangu kwa amani. Wiki ya pili kitambaa cha Bibi hakikuondolewa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu, saa kumi jioni, hakuwepo. Nikavaa viatu nikaenda Ngamiani mwenyewe.

Nililisogeza lile pazia kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Neema alikuwa amenipa mgongo, ameketi kwenye benchi, na watoto wanne watano wamemzunguka wanamwangalia. Alikuwa anajenga mji. Ndiyo gemu yenyewe, unajenga mji wa kwako, barabara, bandari, nyumba za watu. Akaweka daraja, watoto wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akamwambia soko liko mbali na stendi, akalihamisha. Alikuwa anacheka kwa sauti. Nyumbani hacheki hivyo. Nilisimama pale, harufu ya sigara inaniingia, na hasira niliyotoka nayo Chumbageni nikaitafuta nisiione. Nikaliachia pazia nikarudi bila kumwita.

Bibi alikuwa uani anamenya muhogo. Nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza. Nikamwambia laptopu haiwezi gemu ile, ndiyo maana mtoto hakusema, na mimi dukani nilisema ya masomo kwa kuwa niliona haya. Nilipomaliza Bibi aliendelea kumenya.

"Ni kama baba yako na ule mpira," akasema.

Nikamuuliza mpira gani.

"Ule wa Muheza. Hukuambiwa?" Akaweka kisu. "Baba yako alikuwa anakuona mnavyocheza rede. Akitoka shambani anapita nyuma ya korona, anasimama, anakuangalia unavyoinama. Ananiambia, mama, mtoto huyu ana macho. Na yeye alikuwa golikipa wa kambi, wewe hujazaliwa. Sasa siku ile kafika dukani Muheza, kauona mpira wa manyoya, kaushika. Kauzungusha mkononi. Fedha ya vitu viwili hana. Karudi kambini ananiambia, nimeurudisha, mtoto kasema mkebe, nisije nikamharibia akili yake. Alitamani ungesema mpira, mwanangu. Alitaka mrushiane."

"Kwa nini hakusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema?" Akachukua muhogo mwingine. "Mzee wa kanisa alikuwa pale."

Nililia, sikuficha, na hapakuwa na moshi wa kusingizia. Baba amekufa miaka tisa sasa. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa mtu wa kazi na redio, asiyejua mpira wangu wala kilio changu cha nyuma ya jiko. Kumbe alisimama dukani ameushika. Tulikuwa wawili tunaotaka kitu kimoja, na kila mmoja akamwonea haya mwenzake.

Kesho yake nilimsubiri Neema kwenye geti la shule, laptopu nimekuja nayo, nikampa, nikamwambia twende. Alibeba laptopu mikononi na uso wa mtu anayepelekwa kituoni. Dukani palikuwa na wateja watatu, mmoja amevaa kanzu, mtu mzima, nikampa shikamoo yake. Kisha nikageuka kwa Bakari kabla mdomo haujawa mzito.

"Bakari, nilikudanganya. Nataka kompyuta ya gemu. Binti yangu anapenda gemu."

Neema aliniangalia kama nimevua nguo sokoni. Mzee wa kanzu alisogea kidogo atupishe, akaendelea na simu yake. Hakuna aliyeanguka. Bakari alicheka, ila kwa adabu.

"Sasa hapo tumeelewana, mwalimu. Na gololi zangu?"

"Zimo kwenye droo," nikasema. Ni kweli, zimo.

Halafu akamgeukia Neema, hakunigeukia mimi, akamuuliza anacheza gemu gani. Hapo nikasikia mwanangu akiongea. Aliyajua mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia, prosesa ya namna gani, kumbukumbu kiasi gani, kadi ya picha ipi inatosha na ipi ni kujionyesha. Bakari akamwambia kwa fedha ya mama yako laptopu ya gemu sahau, chukua ya mezani, iliyotoka ofisini, nitakuwekea kadi ya picha iliyotumika. Akatueleza na ubaya wake. Ni kubwa, ni ya zamani, skrini ina mchubuko pembeni, na umeme ukikatika inazima papo hapo, kwa hiyo ajizoeze kuhifadhi kazi yake kila mara. Tena ikae mbali na dirisha, hewa yetu ya chumvi inakula vyuma. Neema akauliza kama anaweza kuijaribu kwanza. Akaijaribu, mji ukafunguka, barabara na bandari yake. Tukabadilishana na laptopu, hakuna aliyemwongezea mwenzake fedha.

Bibi alipoliona boksi lile alisema linafanana na jiko la mkaa. Akalifunika kitambaa chake, na kabla sijafungua mdomo Neema akakitoa taratibu, akakikunja.

"Bibi, hii inahema hapa nyuma. Ukiifunika inapata joto, inakufa."

"Basi ivae wakati imelala," Bibi akasema. Wakakubaliana hivyo.

Tangu hapo saa kumi anakuwa nyumbani. Si kila kitu kimekaa sawa. Madaftari ni yale yale, mgongo wangu ni ule ule, na umeme ukikatika husikia kilio chumbani utafikiri kuna msiba. Watoto hawa ni wepesi kulia. Wanacheza wamekaa, magoti yao laini kama ya wafalme, ukiwaambia mdako wanauliza unapakuliwa wapi. Mkono wao hauna sugu ila kidole gumba. Sisi tulijenga mji kwa milingoti ya mkonge, mvua ikaubomoa, kesho tukaujenga upya, nao wanabofya mahali na daraja limesimama. Nikipita Kigombe siku hizi korona iko kimya, uwanja wetu wa rede umeota majani, na sioni mtoto akijificha na mavumbi yake. Ninapakumbuka sana. Napakumbuka hata na ile harufu. Ila kuna kitu kimoja cha enzi zetu ambacho sikitaki tena ndani ya nyumba yangu, na nilikibeba miaka yote hii nikidhani ni adabu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeketi na rundo la madaftari ya darasa la sita, kalamu nyekundu mkononi. Neema alikuwa anachimba bandari mpya. Akasogea pembeni ya benchi, akaacha nafasi.

"Mama, unataka kujenga na wewe? Kuna upande huu bado mtupu."

Bibi alikuwa pale na kitambaa chake. Nilikuwa na majibu tayari, yale ya siku zote. Nina kazi. Nimechoka. Nikimaliza haya. Yote yalikuwa kweli. Nikaifunga kalamu.

"Nataka," nikasema.